Anayebeba Kioo Haitwi

“Sisemi ni mkosi. Nasema ni mikono,” mama alikuwa akisema, ufagio mkononi. “Wiki iliyopita kikombe, juzi sahani, leo bakuli la wageni. Mikono hiyo imepakwa mafuta?”

“Samahani, mama,” Vigae alisema. Ilikuwa mara ya tatu.

“Samahani haiungi bakuli.”

Kaka yake, kijana wa miaka kumi na minne asiyeweza kukaa mbali na ugomvi usiomhusu, alikuwa ameegemea mlango wa jiko. “Tungetunza vipande vyote tangu aanze kazi hii,” alisema, “leo tungekuwa na kokoto za kutosha kujenga choo.”

“Wewe hujaulizwa.”

Mama mdogo aliingia kutoka uani na beseni la nguo zilizofuliwa. Alikuwa akiishi nao tangu mtoto mchanga azaliwe, ili amsaidie dada yake. Aliutazama ufagio, akavitazama vipande vyeupe vilivyorundikwa chini ya meza, kisha akatua beseni.

“Dada, bakuli hilo nimelivunja mimi.”

“Wewe?”

“Mimi. Asubuhi, nikiosha. Liliniteleza. Nikaviweka vipande pale chini, nikasema nitakuambia ukitoka kwenye cherehani. Mtoto akalia, nikasahau.”

Mama alibaki na ufagio hewani. Alimgeukia Vigae. “Sasa wewe samahani tatu ni za nini?”

Vigae alikuwa akijiuliza swali hilohilo.

“Ulilivunja au hukulivunja?”

“Sijui.”

“Hujui vipi? Bakuli lenyewe kubwa kuliko kichwa chako.”

“Nilidhani labda ni mimi.”

Kaka alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

“Unaona?” mama mdogo alisema. “Mtoto anakiri makosa ya watu.”

“Mimi sikumlazimisha.”

“Hukuhitaji. Uliingia na ufagio ukamtazama.”

“Kwa hiyo kosa sasa ni macho yangu? Umevunja bakuli wewe, mwenye kesi niwe mimi?”

Walipokezana hivyo kwa muda, kama ndugu wanavyofanya, mpaka mtoto alipoamka chumbani na kuwanyamazisha wote.

Jina la Vigae halikuwa jina lake. Alilipewa na mjomba wake alipokuwa na miaka mitano, alasiri moja alipovunja vikombe vitatu mfululizo. Mjomba alicheka, akasema, “Huyu mwiteni Vigae,” kisha akarudi kwake. Jina likabaki. Likatoka nyumbani likaenda mtaani, likatoka mtaani likaenda shuleni. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na lile jina la kwenye daftari la mahudhurio alilisikia asubuhi tu, mwalimu anapoita majina.

Hakulichukia sana jina hilo la utani. Kilichomuuma ni kitu kimoja. Mdogo wake alikuwa na miezi mitatu, na nyumba nzima ilimbeba: mama, mama mdogo, kaka, hata jirani akija kuomba chumvi. Vigae aliruhusiwa kumpakata tu, akiwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mto kulia, mto kushoto, na mtu mzima akimchungulia. Kusimama naye, ng’o. Alitaka kumbeba mdogo wake atembee naye barabarani amwonyeshe mbwa na baiskeli, kama dada mwingine yeyote. Kila alipoomba, mama alijibu, “Mtoto hauzwi dukani.”

Siku ile ya bakuli, hata hivyo, alipata kitu kipya cha kufikiria. Kwa nini alisema samahani? Hakuligusa bakuli. Alijua hakuligusa. Lakini mama alipoingia na kumtazama, alihisi viganja vinakumbuka jambo ambalo havikulifanya.

Mwalimu wao wa sayansi alikuwa na msemo wake: usichokielewa, kiandike. Vigae alichukua daftari la hesabu la mwaka uliopita, akalifungua nyuma kwenye kurasa tupu, akapiga mistari. Safu ya kwanza aliandika “Nilichoangusha”. Ya pili, “Wapi”. Ya tatu, “Nani alikuwepo”. Ya nne, baada ya kufikiri kidogo, “Alisema nini”.

Siku mbili baadaye kaka alipiga mpira uliopasua kioo cha dirisha la chumba cha kushonea. Shule zilikuwa zimefungwa na mama alikuwa na lundo la sare za wanafunzi za kumaliza kabla hazijafunguliwa. Hakuwa na muda wa kugomba kirefu. Alimkata kaka jicho, akapima fremu ya dirisha kwa futi yake ya kitambaa, akaandika vipimo kwenye karatasi.

“Nenda kwa yule fundi vioo mpya pale kona,” alimwambia Vigae. “Mpe hii. Mwambie aje akiweke mwenyewe. Wewe usiguse hata unga wa kioo. Umenisikia?”

“Nimesikia.”

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Vioo vilisimama kwa ubavu kwenye vishubaka vya mbao, kimoja nyuma ya kingine, kama vitabu visivyo na maneno. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye aproni ya turubai, penseli ikiwa imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa ameinamia meza akivuta mstari kwenye kioo kwa kifaa chembamba kama kalamu, chenye kigurudumu kidogo cha chuma nchani.

“Shikamoo,” Vigae alisema.

Fundi hakujibu. Mstari ulikwenda, ukatoa sauti ya kukwaruza, mpaka ukafika ukingoni. Ndipo aliposhika kioo pande mbili, akakibonyeza, kikakatika kimya kama biskuti.

“Marahaba. Usinione sina adabu. Mstari wa kioo haupumziki njiani, ukiuanza unaumaliza.” Alisoma karatasi. “Nani amepima?”

“Mama. Ni fundi cherehani.”

“Anajua kupima. Wengi huniletea vipimo vya kamba.” Alitazama huku na huku. “Mikono yako ina kazi?”

“Haina.”

“Vaa glovu zile. Viatu umevaa, vizuri. Kipande hiki nataka kiende kule kwenye kishubaka, na mimi nina kingine cha kubeba.”

Vigae alisimama pale pale. Alikuwa amekatazwa, na alijua amekatazwa. Lakini zaidi ya hapo alikuwa akingoja. Alikuwa akilingoja neno ambalo hufuata kila anapopewa kitu: angalia. Halikuja. Fundi alimwonyesha tu.

“Kioo hubebwa kimesimama, si kimelala. Mkono mmoja chini, mmoja ubavuni. Ukichoka, kitue. Kikiteleza, kiache kianguke na wewe rudi nyuma. Usikidake hata siku moja. Kioo kinanunuliwa, vidole havinunuliwi.”

Vigae alikibeba. Hatua ya kwanza, ya pili. Mlangoni mteja mmoja alitokea, mwanamume mwenye sauti ya kuita ng’ombe, akafungua mdomo kusalimu. Fundi aliinua kidole. Mteja akafunga mdomo, akajibana ukutani kupisha. Chumba kizima kilinyamaza mpaka kioo kilipoingia kwenye kishubaka chake.

“Haya, karibu,” Fundi akamwambia mteja, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha kwa Vigae: “Ndiyo sheria ya hapa. Anayebeba kioo haitwi. Hasalimiwi, haulizwi, haonywi. Mwenye neno angoje.”

“Hata kumwambia aangalie?”

“Hilo ndilo baya kuliko yote. Ukimwambia aangalie, atakuangalia wewe.”

Vigae alilichukua neno hilo kama mtu aliyeokota kitu njiani, asijue bado kina kazi gani.

“Unaitwa nani?” Fundi aliuliza.

Alisita. Kisha akataja lile jina la kwenye daftari la mahudhurio.

“Mbona umefikiri sana? Jina si hesabu.”

Fundi alikuja, akaweka kioo cha dirisha, akaondoka. Kesho yake Vigae alimaliza kazi zake za asubuhi, akamwomba mama ruhusa ya kwenda kona kutazama kazi ya vioo.

“Kutazama tu?”

“Kutazama tu.”

Na Fundi alipomuuliza kama mama yake anajua, alijibu, “Anajua nipo hapa.” Kila neno hapo lilikuwa la kweli, na bado jibu zima lilikuwa uongo. Vigae alilijua hilo. Lakini pale karakanani alikuwa mtu mwingine, na alitaka kujua ni nani.

Kwa maana hilo lilikuwa jambo la ajabu. Mikono ilikuwa ileile. Nyumbani ilitetemeka ikishika glasi ya maji, na kwa Fundi ilibeba kioo cha urefu wa mlango wa kabati bila kutikisika. Akilini alianza kuwahesabu watu waliokuwa ndani yake. Kulikuwa na Vigae wa nyumbani. Kulikuwa na yule wa karakanani, anayeitwa kwa jina lake. Na shuleni kulikuwa na wa tatu, mchekeshaji, anayejiangusha makusudi kabla wenzake hawajamcheka. Yupi alikuwa mwenyewe?

Aliendelea kuandika. Baada ya wiki tatu daftari lilikuwa na mistari sita. Kikombe, nyumbani, mama: “Angalia, hicho ni cha moto.” Mfuniko wa sufuria, nyumbani, kaka: “Jamani kimbieni, Vigae kashika chuma.” Sahani, nyumbani, mama mdogo: “Taratibu, mwanangu, taratibu.” Chupa ya mafuta ya taa, ambayo haikupasuka, nyumbani, mama: “Vigae!” basi, hakusema kingine. Mistari miwili ya mwisho ilikuwa tofauti. Kwenye safu ya “Nani alikuwepo” aliandika “Hakuna”, na kwenye ya nne, kwa herufi ndogo, “Nilikuwa nasoma huku natembea.”

Kwa Fundi hakukuwa na mstari hata mmoja. Vioo ishirini vilikuwa vimepita mikononi mwake.

Mwalimu wa sayansi alikuwa na msemo wa pili: ukidhani umejua, jaribu kwa mwingine. Mwingine aliyekuwa karibu alikuwa kaka. Vigae alijaza kikombe maji hadi mdomoni, akamwomba akipeleke kutoka bombani hadi mezani. Hakusema kitu. Kaka alitembea, akakiweka, likamwagika tone moja.

“Nimefaulu mtihani gani?” kaka aliuliza.

“Nitakuambia kesho.”

Kesho yake alijaza tena, lakini safari hii alitembea kandokando yake. “Angalia. Angalia, kinainama. Taratibu. Utamwaga. Mguu huo. Wewe, utamwaga.” Kabla ya kufika mezani suruali ya kaka ilikuwa imelowa.

“Una wazimu?” kaka alifoka. “Nani anaweza kubeba kitu mtu anampigia kelele sikioni kama…”

“Kama nani?”

Kaka alikunja suruali yake akaikamua. Alikuwa mchokozi, lakini hakuwa mjinga. “Kama sisi,” alisema.

Vigae aliandika: “Kaka. Siku ya kwanza, tone moja. Siku ya pili, nusu kikombe na suruali.”

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi. Mama alikuwa ameagiza kioo kirefu cha wateja kujitazamia wanapojaribu nguo. Asubuhi hiyo alimwacha mtoto na mama mdogo, akaenda mwenyewe kona kuuliza kama kiko tayari. Alifika mlangoni wakati Vigae akikatisha chumba na kioo cha dirisha, glovu mikononi, macho mbele.

“Vigae! Angalia hicho kioo!”

Kwa miaka saba Vigae alikuwa ameigeukia sauti hiyo, na aligeuka. Kona ya kioo ikagonga ukingo wa meza. Alihisi kinaanza kuteleza, na mikono ilitaka kukidaka. Akakiachia, akaruka nyuma. Kioo kilianguka, kikatawanyika sakafuni hadi chini ya vishubaka.

Halafu Vigae akasema, “Samahani.”

“Si nilijua?” mama alisema, mkono kifuani. “Si nilijua mimi? Nani alimpa mtoto huyu kioo?”

Fundi alikuwa ameshafika. Alimvua Vigae glovu, akakagua viganja, akainama akakagua miguu. “Huna jeraha. Ulirudi nyuma vizuri. Ufagio uko nyuma ya mlango.” Ndipo alipomgeukia mama. “Shikamoo, mama. Nilimpa mimi.”

“Marahaba. Hujui mtoto huyu anaitwaje?”

“Najua anaitwaje. Alinitajia.” Fundi alilitamka jina la kwenye daftari la mahudhurio, na mama alishtuka kidogo, kwa sababu yeye ndiye aliyelichagua na hakukumbuka lini alilisikia mara ya mwisho. “Hiki ni kioo cha ishirini na moja. Ishirini vilifika.”

“Unamtetea.”

“Nahesabu tu.”

“Kwa hiyo nimekivunja mimi, niliyesimama mlangoni?”

“Hapa kuna sheria kwamba anayebeba kioo haitwi,” Fundi alisema. “Wewe hukuijua, sikulaumu. Lakini yeye aliniambia unajua anachofanya hapa. Naona hukujua hilo pia.”

Mama alimtazama Vigae, na Vigae alitazama ufagio. Walirudi nyumbani. Mama alitembea kwa hatua ndefu za mtu anayejibu hoja kichwani.

Aliketi kwenye cherehani, akavuta sare ya kwanza iliyokuwa juu ya lundo, akaanza kukanyaga pedali kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Vigae aliingia polepole akasimama nyuma yake. Alitaka kuomba radhi ya kweli, ya uongo aliousema, na hakujua aanzie wapi. Alisimama hapo akitazama sindano ikipanda na kushuka.

“Usinisimamie mgongoni,” mama alisema bila kugeuka. “Unajua mtu akinisimamia mgongoni mshono unapinda.”

Pedali ikasimama.

Mama aliutazama mshono. Kweli ulikuwa umepinda, vidole viwili kutoka kwenye chaki. Miaka kumi na minane alikuwa ameshona, na kila mtu mtaani alijua mkono wake. Lakini kila mteja aliyemwinamia begani akisema utaniharibia kitambaa changu, mshono wake ulikwenda upande kama mlevi. Ndiyo maana alikuwa ameweka benchi la wateja mlangoni, mbali na mashine. Aliliweka mwenyewe.

“Zunguka huku mbele,” alisema. “Nikuone.”

Vigae alizunguka, daftari mkononi.

“Kwanza uongo. Uliniambia unatazama.”

“Nilitazama pia.”

“Usinichezee.”

“Nilikudanganya, mama. Na Fundi nilimdanganya. Nilijua ukijua utanikataza.”

“Ningekukataza kweli. Na kioo kingekukata leo, Fundi wa watu angebeba lawama ya uongo wako. Kesho utakwenda umwombe radhi yeye, si mimi tu. Hilo limekwisha. Hilo ni daftari la nini?”

Vigae alimpa. Mama alisoma kama alivyosoma vipimo, kidole chini ya mstari. Alipofika kwenye neno “Vigae!” lililokuwa peke yake kwenye safu ya nne, kidole kilikaa hapo. Alipofika kwenye suruali ya kaka, kona ya mdomo wake ilicheza.

“Hizi mbili za mwisho?”

“Hizo ni zangu. Hakuna aliyeniita.”

“Vizuri umeziandika. Na siku za kuosha vyombo ziko wapi? Sizioni.”

Vigae alikuna kisigino kwa kidole cha mguu mwingine. “Mimi sioshi vyombo. Mlisema nisioshe.”

“Na wewe ukalalamika?”

“Hapana.”

“Hapana. Jina lilikuuma kwa mtoto, lakini kwenye karai la vyombo lilikufaa. Kaka yako anaosha, mama yako mdogo anaosha, wewe uko na kitabu, unaitwa Vigae, umestarehe.”

“Ndiyo,” Vigae alisema kwa sauti ndogo. Hilo hakuwa ameliandika popote.

Mama alifunga daftari. Aliposema tena, alisema bila haraka, jambo ambalo si kawaida yake.

“Mtu hajioni uso wake mwenyewe. Anauona kwenye macho ya wenzake, hapo ndipo anapojijua. Ukimtazama mtu kila siku kama mwizi, ipo siku kitu kitapotea na yeye ataanza kujipekua mifuko. Ndicho ulichofanya siku ya bakuli. Sisi tulikutazama namna moja tu miaka saba, na mimi nilidhani nakulinda. Kumbe kila nikisema angalia, nilikuwa nakukumbusha kuvunja. Hilo ni kosa langu, na sina pa kulificha.” Alimnyooshea kidole. “Lakini sikiliza na upande wako. Watu wakikupa jina, si lazima ulivae. Usilifanye mto wa kulalia. Chunguza kama ulivyochunguza hapa, na kinachokuhusu ukirekebishe. Usisome ukitembea.”

“Mama, yupi ni mimi? Wa nyumbani au wa kwa Fundi?”

“Wote. Mimi kwa wateja ni mpole, muulize kaka yako kama hapa mimi ni mpole. Chagua wa kumlisha zaidi.”

Chumbani mtoto alianza kulia. Mama mdogo alitokea naye mlangoni, kadi ya kliniki ikiwa imebanwa kwapani. “Dada, leo ni siku ya kupimwa uzito. Wanafunga saa sita. Unakwenda wewe au niende mimi?”

Mama alitazama saa ya ukutani, kisha akainuka, akakung’uta nyuzi kwenye sketi.

“Nakwenda mimi na dada yake,” alisema. “Mpe mtoto.”

“Nimpe nani?”

Mama alilitamka jina la kwenye daftari la mahudhurio. Kaka, aliyekuwa akipita, alisimama akaziba mlango mzima.

“Na wewe,” mama alimwambia, “ukiwa na neno, lingoje.”

Mama mdogo alimweka mtoto mikononi mwa dada yake. Msichana aliweka mkono mmoja chini, mmoja mgongoni, kichwa kikalala begani kwake. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani na alinukia maziwa. Alinyamaza. Mama alifungua mdomo, na kila mtu mle chumbani alijua neno gani lilikuwa linatoka. Akaufunga. Akachukua kadi na mwavuli, akatangulia.

Njia ya kwenda zahanati ilikuwa na mtaro mmoja, ngazi tatu na mwenye duka mmoja mwenye mdomo.

“Eh, mama,” mwenye duka aliita, “leo Vigae ndiye amebeba mtoto? Hamwogopi?”

“Binti yangu amebeba mdogo wake,” mama alijibu bila kupunguza mwendo. “Na wewe pima sukari ya watu.”

Nyuma yake aliisikia sauti ya msichana ikimweleza mtoto: yule ni mbwa, ile ni baiskeli, haina kengele.

Zahanati ilikuwa imejaa, lakini foleni ilikwenda. Zamu yao ilipofika, muuguzi alichukua kadi, akatandika kitambaa safi kwenye mizani. “Mama, mlaze hapa.”

“Dada yake atamlaza,” mama alisema, akaweka mikono yake yote miwili nyuma.

Msichana aliinama. Alimshusha mtoto polepole, makalio kwanza, mgongo, kichwa mwisho, akauondoa mkono wake chini ya shingo kama mtu anayetoa karatasi chini ya kikombe. Mshale wa mizani ulicheza, kisha ukatulia.

“Kilo sita na robo,” muuguzi alisema, akaandika.